Ukaguzi wa kitalu huanzia kwenye mti mama

Ukaguzi wa kitalu ni kazi ya kuthibitisha, kabla miche haijaondoka kwa mzalishaji, kwamba haibebi wadudu, vimelea vya magonjwa wala minyoo ya udongoni itakayokwenda kuharibu shamba la mnunuzi. Kazi hii haifanani na ukaguzi wa nafaka ghalani au wa matunda bandarini. Tunda lenye funza huliwa au hutupwa, na mara nyingi safari ya funza huishia hapo. Mche hupandwa. Hupewa udongo mzuri, maji, mbolea na kivuli, na chochote kilichojificha ndani yake hulelewa pamoja nao kwa miaka kumi, ishirini au zaidi. Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa za afya ya mimea, zilizojengwa juu ya mkataba wa mwaka 1951 ulio chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, zimetenga kundi la pekee kwa ajili ya vipando. Kundi hilo ni la visumbufu ambavyo tayari vimo nchini na havina tena hadhi ya kuwekewa karantini, lakini bado haviruhusiwi kwenye miche, kwa kuwa hasara yake ikianzia kitaluni huwa kubwa kupita kiasi.

Tanzania ilitunga Sheria ya Afya ya Mimea mwaka 2020, na kwa sheria hiyo ikaundwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao yake Arusha, iliyorithi kazi za iliyokuwa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu vya Kitropiki. Mbegu, pamoja na pingili za muhogo na mbegu za viazi vinavyozalishwa kwa ajili ya kuuzwa, hukaguliwa na Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu, TOSCI, yenye makao Morogoro. Nchini Kenya kazi hizi ziko chini ya shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS. Mkaguzi ana uwezo wa kisheria wa kuingia kitaluni, kuchukua sampuli na kuzuia miche isisafirishwe. Uwezo huo ni muhimu, ila haumfundishi mkaguzi atazame wapi, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Desturi iliyozoeleka ni mkaguzi kufika kitaluni, kupita katikati ya matuta, kuinua majani mawili matatu, kuuliza idadi ya miche na kuandika kwamba miche ni mizuri. Majani hustahili kutazamwa, na yatafikiwa. Lakini visumbufu vinavyogharimu zaidi ni vile ambavyo jani la mche mchanga haliwezi kuvionyesha. Vimo ndani ya kikonyo, yaani kijiti cha mti mama kilichobebeshwa, ndani ya mbegu ya mche wa chini unaokibeba, ndani ya udongo wa kiriba na ndani ya maji ya kumwagilia. Anayetaka kujua hali halisi ya kitalu hana budi kuifuata njia yote ambayo mche umepitia, na njia hiyo huanza kwenye mti mama.

Parachichi aina ya Hass ni mfano unaofaa, kwa kuwa kilimo chake kimepanuka haraka Njombe, Iringa, Mbeya na Kilimanjaro, na vitalu vimechipuka kando ya barabara kwa kasi ambayo wakaguzi hawaifikii. Kila mti wa Hass duniani unatokana na mti mmoja uliokua California, ambao mwenye nao, Rudolph Hass, aliusajilia haki ya ugunduzi mwaka 1935. Mbegu ya Hass haizai Hass; aina hiyo huendelezwa kwa kubebesha tu, kikonyo juu ya mche wa chini, kizazi hadi kizazi. Mti wenyewe wa kwanza ulikufa na kukatwa mwaka 2002, ukiwa umeuawa na ugonjwa wa kuoza mizizi. Kuna mambo mawili hapo yanayomhusu mkaguzi. La kwanza, kubebesha ni kugawa kipande cha mti uleule, na chochote kilichomo ndani ya mti huo kinagawiwa pia. La pili, adui mkubwa wa parachichi anaishi chini ya udongo, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki.

Kati ya vinavyogawiwa kwa kikonyo, kinachosumbua zaidi kwenye parachichi ni kiroidi kinachosababisha mabaka ya jua. Kiroidi ni kimelea kidogo kuliko virusi: uzi mtupu wa chembe za urithi, usio hata na ganda la protini. Mti ulioambukizwa unaweza kuonyesha michirizi ya njano kwenye vijiti vichanga na mikwaruzo iliyobonyea kwenye tunda, na unaweza pia usionyeshe lolote kwa miaka mingi. Mti usioonyesha dalili ndio wa hatari zaidi, kwa kuwa hupendeza, huchaguliwa kuwa mti mama, na mbegu zake karibu zote huweza kurithi kiroidi hicho. Dawa hakuna. Afrika Kusini, ambako ugonjwa huu umejulikana kwa miongo mingi, miti mama ya vitalu vilivyosajiliwa hupimwa maabara kabla ya kukatwa vikonyo. Hakuna njia nyingine ya kuutambua mti mzima wa sura lakini mgonjwa wa ndani.

Afrika Mashariki ina somo lake la zamani kuhusu jambo hili, na lilitokea kwenye zao la maskini. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na watafiti wa kituo cha Amani, Usambara Mashariki. Tofauti na batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, ambao hukunja jani na kulitia rangi kiasi kwamba mtoto anaweza kuutambua, michirizi ya kahawia mara nyingi huonekana hafifu kwenye majani ya chini, na majani hayo huanguka kabla ya mavuno. Mkulima hukata pingili kutoka kwenye mashina yaliyonawiri, akampa jirani, na ukweli hujulikana siku ya kung'oa, muhogo unapokatwa na kukutwa umeoza kwa ndani. Ukaguzi wa shamba la pingili unaofanywa wakati majani ya chini yamekwisha kupukutika ni ukaguzi uliochelewa, hata kama fomu zimejazwa zote.

Kwa hiyo swali la kwanza kitaluni ni vikonyo vimetoka wapi. Mwenye kitalu anayezalisha kwa uangalifu atakuwa na miti mama yake iliyopewa namba, au stakabadhi ya mahali alikonunua vikonyo, pamoja na tarehe. Jibu la kwamba vilikatwa kwa jirani, au vililetwa na bodaboda kutoka shamba lisilojulikana, linatosha kulishusha daraja kundi lote la miche hata kama majani yake yanang'aa. Miti mama hutembelewa mmoja mmoja. Hutazamwa taji lake kama limekonda, vijiti vichanga kama vina michirizi, na matunda kama yana mabaka, na mti wenye shaka hufungiwa utepe ili usikatwe tena mpaka majibu ya maabara yatoke.

Swali la pili ni kisu. Mafundi wa kubebesha hufanya kazi kwa kasi, na kisu kimoja hupita kwenye mamia ya miche kwa siku. Utomvu unaobaki kwenye makali hubeba viroidi na baadhi ya bakteria kutoka mche hadi mche. Kukifuta kisu kwa kitambaa hakusaidii. Kinachosaidia ni kuchovya kwenye maji ya jiki kila unapobadilisha mti, kwa visu viwili vinavyopokezana ili kimoja kiwe kwenye jiki wakati kingine kinakata. Maji hayo huchanganywa upya mara kwa mara, kwa kuwa jua na uchafu wa utomvu huyamaliza nguvu. Mkaguzi akimkuta fundi kazini atazame bila kuuliza. Kopo la jiki lililowekwa mezani saa ile mgeni alipobisha hodi hujulikana kwa usafi wake.

Mche wa chini nao una historia. Mbegu za parachichi hukusanywa kwa wingi sokoni au chini ya miti, na mbegu iliyolala kwenye udongo wenye unyevu huweza kuokota Phytophthora cinnamomi, kimelea kinachosababisha kuoza mizizi. Mbegu zinazochumwa mtini haziko kwenye hatari hiyo. Zilizoguswa na udongo huweza kusafishwa kwa kuzamishwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 49 hadi 50 za Selsiasi kwa dakika 30. Joto likizidi hapo kiini cha mbegu huanza kufa, likipungua kimelea hupona, kwa hiyo kitalu kinachodai kufanya kazi hiyo bila kipimajoto hakiifanyi.

Udongo na maji ndipo penye mambo mengi zaidi, na ndipo panapopuuzwa zaidi. Phytophthora hutoa mbegu ndogo zenye mikia, zinazoogelea. Penye maji yaliyotuama zinasafiri kutoka kiriba kimoja hadi kingine, na mvua ikipiga udongo matone huzirusha. Mche mmoja uliooza mizizi ukiwa juu ya tuta lenye mteremko, miche iliyo chini yake ndiyo inayofuata. Ndiyo maana mkaguzi mzoefu hutazama chini kabla ya kutazama juu. Je, viriba vimesimama moja kwa moja juu ya ardhi, au viko juu ya kokoto au kichanja? Maji ya kumwagilia yanakwenda wapi? Mpira wa maji ukishamaliza kazi unatundikwa, au mdomo wake unaachwa kwenye tope? Maji yanatoka kisimani au kwenye mfereji uliopita kwanza kwenye mashamba ya watu? Udongo wa kujazia viriba umelundikwa wapi, na je, rundo la miche iliyokufa liko hatua chache kutoka hapo? Majibu ya maswali haya huonekana kwa macho, na mkaguzi anayeyaandika yote amepata habari nyingi kuliko ambazo angepata kwa kuchungulia majani asubuhi nzima.

Pale shaka inapobaki, kuna kipimo kinachoweza kufanywa bila maabara. Udongo kutoka kwenye viriba kadhaa huwekwa kwenye ndoo ndogo na kumwagiwa maji mpaka yazidi juu yake. Parachichi bichi, gumu, lisilo na jeraha, huoshwa na kuwekwa humo likiwa limezama nusu. Kama kimelea kimo, mbegu zake zitaogelea hadi kwenye ganda, na baada ya siku chache madoa ya kahawia, magumu kwa kuguswa, hujitokeza kuzunguka mstari wa maji. Tunda la pili huwekwa kwenye maji matupu yaliyochemshwa na kupoa, kwa ajili ya kulinganisha. Kipimo hiki hakitaji jina la kimelea kwa uhakika, na tunda likibaki safi si ushahidi kwamba udongo ni salama. Lakini tunda likitoka madoa, kundi hilo la miche halipaswi kwenda popote mpaka maabara iseme. Kwa minyoo fundo, ile ya udongoni inayotia mizizi mafundo, hutumika nyanya: miche michanga ya nyanya hupandwa kwenye udongo unaotiliwa shaka, na baada ya wiki tano au sita mizizi yake hung'olewa na kuoshwa. Mafundo yakionekana, jibu limepatikana.

Linalofuata ni dawa, na hapa panahitaji ukali. Dawa za kuzuia kuoza mizizi zinazotumika sana, zile za jamii ya metalaksili na fosfiti, hukizuia kimelea kukua lakini mara nyingi hakifi. Mche ulioambukizwa unaonyweshwa dawa hiyo kila mara hutoa mizizi mipya, hurudisha rangi na huuzwa kama mche mzima. Mnunuzi anaupanda, dawa inaisha nguvu, na mti unaanza kunyauka wakati shamba limekwisha kugharimiwa. Kadhalika mche uliopuliziwa kiuatilifu jana hauwezi kuonyesha leo kama ulikuwa na vidukari au nzi weupe. Kwa hiyo daftari la upuliziaji ni sehemu ya ukaguzi kama majani yalivyo. Kitalu kisicho na daftari kiagizwe kusimamisha dawa kwa muda, kisha kikaguliwe upya. Kuna wenye vitalu watakaoona hilo ni uonevu. Lakini cheti kilichotolewa juu ya miche iliyofichwa na dawa kinamdhulumu mkulima asiyekuwepo, naye ndiye ambaye cheti kiliandikwa kwa ajili yake.

Ndipo unakuja ukaguzi wa miche yenyewe, na swali la mingapi itazamwe. Kukagua miche 20 katika kitalu chenye miche 10,000 kunaonekana kama kazi iliyofanyika. Hesabu inasema vingine. Kama mche mmoja katika kila 100 ni mgonjwa, yaani kitalu kina miche 100 iliyoambukizwa, uwezekano wa kutokutana na hata mmoja ndani ya sampuli ya miche 20 ni asilimia 82. Yaani mkaguzi atatoka mikono mitupu mara nne kati ya tano na kuandika kwamba kitalu ni safi. Ili awe na uhakika wa asilimia 95 wa kuukuta angalau mmoja, anahitaji kutazama miche 299. Ugonjwa ukiwa umeenea kwa asilimia 5, miche 59 inatosha. Hesabu hizi zinachukulia kwamba mgonjwa akitazamwa atatambuliwa. Kama dalili huonekana kwa nusu tu ya walioambukizwa, idadi ya miche ya kukagua huongezeka maradufu. Mtu anayejua takwimu hizi hatashangaa kwa nini magonjwa hupita kwenye vitalu vilivyokaguliwa.

Hesabu hiyo pia inachukulia kwamba miche iliyotazamwa imeokotwa bila upendeleo, ilhali wagonjwa hukaa makundi makundi. Njia inayofaa ni kuunganisha mambo mawili. Sehemu ya sampuli huchukuliwa kwa kupita tuta kwa mwendo wa kona kona, mche baada ya idadi maalumu ya hatua, bila kuchagua. Sehemu nyingine huchukuliwa kwa makusudi mahali ambapo matatizo hupenda kuanzia: kingoni, mlangoni, chini ya bomba linalovuja, karibu na uzio wenye magugu, kwenye pembe yenye kivuli kizito, na kwenye miche iliyorudishwa kutoka sokoni baada ya kukosa mnunuzi. Hiyo ya mwisho ni hatari hasa, kwani imekaa siku nzima bega kwa bega na miche ya vitalu vingine.

Mpangilio wa safari ndani ya kitalu nao una sababu. Mkaguzi huanza na miche michanga na iliyo safi, akamalizia kwa mikubwa na yenye shaka. Hunawa mikono na kusafisha viatu na kisu kati ya sehemu moja na nyingine. Mtu anayezunguka vitalu vitano kwa siku na tope lilelile kwenye viatu anafanya kazi ya kueneza anachotafuta.

Vifaa ni vichache: lenzi ya mkono inayokuza mara kumi, kisu, karatasi nyeupe, mifuko ya sampuli, kalamu isiyofutika, ndoo ya maji. Asubuhi mapema ni wakati mzuri, kwa kuwa nzi weupe bado wamepoa na hawaruki ovyo. Jani hutazamwa chini kwanza, kwa sababu huko ndiko wanakotagia nzi weupe, ndiko utitiri unakofuma nyuzi zake, na ndiko vidukari wanakojipanga kando ya mishipa. Tawi changa likigongwa juu ya karatasi nyeupe, vithiripi na utitiri huanguka na kuonekana wakitembea. Sisimizi wanaopanda na kushuka shina moja bila kuacha ni ishara ya kufuatwa: juu yao kuna vidukari, wadudu gamba au vidung'ata wanaotoa umajimaji mtamu. Masizi meusi juu ya majani husema hilohilo, na mdudu mwenyewe hutafutwa jani la juu yake. Vidung'ata hupenda kujibana kwenye pembe za majani na hata kwenye mdomo wa kiriba, mahali ambapo dawa haipenyi.

Michungwa inadai uangalifu wa pekee, na sababu yake inajulikana vizuri Marekani. Jimbo la Florida liligundua silidi wa Asia, mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa michungwa, mwaka 1998. Pamoja na kuruka mwenyewe, mdudu huyo alisambazwa jimboni kwa miche ya urembo, hasa Murraya, mti wa uzio wenye maua meupe yenye harufu nzuri, ulio jamaa ya mchungwa na uliokuwa ukiuzwa madukani bila mtu kuuhesabu kuwa hatari kwa machungwa. Mwaka 2005 bakteria wa ugonjwa wa ukijani, anayebebwa na mdudu huyo, alithibitishwa. Msimu wa 2003/04 Florida ilivuna makasha milioni 242 ya machungwa. Miaka 20 baadaye mavuno yalikuwa chini ya milioni 20. Vimbunga na ujenzi vilichangia, lakini ugonjwa wa ukijani ndio uliovunja mgongo wa zao hilo. Kuanzia mwaka 2007 miche yote ya michungwa Florida ilitakiwa kuzalishwa ndani ya mabanda yasiyopitisha wadudu. Jimbo la São Paulo nchini Brazili lilikuwa limetangulia kuweka sharti la mabanda ya neti mwaka 2003, kwa sababu ya ugonjwa mwingine wa michungwa.

Afrika Mashariki imekuwa na ugonjwa wa ukijani kwa muda mrefu, wa aina ya Kiafrika, unaoenezwa na silidi wa Kiafrika, Trioza erytreae. Bakteria na mdudu wake wote hawapendi joto, kwa hiyo waliumiza zaidi nyanda za juu. Mashamba ya joto ya Muheza na pwani yalikuwa na kinga hiyo ya hali ya hewa. Katikati ya muongo wa 2010 silidi wa Asia alithibitishwa Tanzania na Kenya, naye huvumilia joto. Kinga ya pwani imeondoka, na mche wa mchungwa unaosafirishwa kutoka mkoa hadi mkoa umekuwa jambo la kuangaliwa kwa jicho jingine.

Kuwatofautisha wadudu hao wawili ni rahisi kwa anayejua. Mtoto wa silidi wa Kiafrika huchimba kishimo upande wa chini wa jani changa na kujilaza humo, na juu ya jani hutokea vipele; jani lenye vipele hivyo hubaki navyo hata mdudu akiondoka. Silidi wa Asia hachimbi. Watoto wake hutoa nyuzi nyeupe za nta kwenye chipukizi, na mkubwa akitulia juu ya jani huinua sehemu ya nyuma ya mwili juu, kichwa kikiwa chini, kwa mshazari wa takriban nyuzi 45. Wote wawili hutaga kwenye chipukizi tu, kwa hiyo ukaguzi wa michungwa usio na chipukizi hauna maana kubwa. Kuhusu ugonjwa wenyewe, mabaka ya njano ya ukijani hayalingani pande mbili za mshipa mkuu, ilhali upungufu wa zinki hulitia jani rangi kwa ulinganifu. Jani linalotiliwa shaka likikwanguliwa na kilichokwanguliwa kutiwa tone la iodini iliyoyeyushwa majini, wanga uliorundikana kwenye jani gonjwa hugeuka karibu mweusi. Uthibitisho hutoka maabara, kwa kipimo cha chembe za urithi. Mche ulioambukizwa huweza kukaa miezi mingi bila dalili, na hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kutaka miche ya michungwa ilelewe ndani ya banda la neti tangu siku ya kubebeshwa.

Mizizi hutazamwa mwisho kwa sababu kuitazama ni kuuharibu mche. Kiriba huchanwa kwa kisu upande mmoja, bonge la udongo huzamishwa kwenye ndoo na kusuguliwa taratibu kwa vidole mpaka mizizi ibaki peke yake. Mizizi midogo ya parachichi iliyo na afya ni myeupe au rangi ya maziwa. Ile iliyooza ni myeusi, hukatika kwa kuguswa, na mara nyingi imepukutika ikaacha mizizi mikubwa mitupu. Mzizi mkuu uliojikunja chini ya kiriba si ugonjwa, lakini mti wake utadumaa na kuangushwa na upepo, hivyo huandikwa pia. Kwenye miche ya jamii ya kunde, vinundu vyenye bakteria wa manufaa hubanduka kirahisi na ndani vina rangi ya waridi, wakati fundo la minyoo ni uvimbe wa mzizi wenyewe na halibanduki. Mwenye kitalu hulalamika miche yake inapochanwa. Ni haki aelezwe mapema ni mingapi itakayokwenda, na inafaa iwe ni pamoja na iliyokwisha kudhoofika, ambayo asingeiuza.

Migomba na miti ya misitu ina mambo yake. Machipukizi ya migomba kutoka shambani hubeba fukusi na minyoo ndani ya kitunguu; kumenya kitunguu mpaka kiwe cheupe na kukizamisha kwenye maji ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika 20 hupunguza sana wote wawili. Joto hilo halitibu mnyauko bakteria, ulioingia Uganda mwaka 2001 na kufika Kagera miaka michache baadaye, kwa hiyo machipukizi hayachukuliwi kabisa kwenye shamba lenye ugonjwa. Kwenye mikaratusi hutafutwa uvimbe kwenye mshipa mkuu na kikonyo cha jani, kazi ya nyigu mdogo mwenye asili ya Australia aliyegunduliwa Uganda na Kenya mwaka 2002. Miche iliyovimba ndiyo iliyompeleka mbali kuliko mabawa yake.

Wakati wa ukaguzi huamua thamani yake. Nyanda za Juu Kusini, miche huuzwa mvua zinapoanza Novemba na Desemba. Mkaguzi anayefika wiki hiyo anakuta lori limeegeshwa, mteja amelipa, na majibu ya maabara yakitoka miche itakuwa imekwisha kupandwa wilaya nyingine. Ziara tatu zinafaa: ya kwanza kwa miti mama kabla vikonyo havijakatwa, ya pili wiki kadhaa baada ya kubebesha, na ya tatu wakati wa kiangazi, ikibaki miezi miwili au zaidi kabla ya mauzo. Ziara ya siku ya kupakia iwe ya kuhakiki tu kwamba miche inayopakiwa ni ile iliyokaguliwa.

Hilo la mwisho haliwezekani bila lebo. Kila kundi la miche lililobebeshwa wiki moja, kutoka mti mama uleule na udongo uleule, hupewa namba yake na huwekwa mbali na jingine. Kisumbufu kikipatikana, kundi hilo ndilo linalosimamishwa badala ya kitalu kizima, na mwenye kitalu ana sababu ya kushirikiana badala ya kuficha. Pasipo makundi, mkaguzi ana uchaguzi wa kufunga kila kitu au kufumba macho, na shinikizo la kumtaka afumbe macho huwa kubwa.

Kundi likithibitika kuwa na ugonjwa usio na tiba, miche huteketezwa hapohapo kitaluni pamoja na udongo wake, au hufukiwa kwenye shimo refu mbali na chanzo cha maji. Haitupwi nyuma ya uzio, na viriba vyake havitumiwi tena. Kilichokwisha kuuzwa kutoka kundi hilo hufuatwa kwa daftari la mauzo, jina la kijiji na idadi, ili maofisa ugani wawahi mashamba hayo wakati miti bado michache na mifupi. Kisumbufu kinachotibika hupewa muda wa matibabu, na kundi hukaguliwa upya baada ya dawa kuisha nguvu, kwa idadi ileile ya sampuli. Cheti kinachofuata hapo hutaja namba ya kundi, tarehe, idadi ya miche iliyotazamwa na visumbufu vilivyotafutwa, kwa sababu miche hukaguliwa dhidi ya visumbufu vilivyotajwa, na mnunuzi anapaswa kujua ni vipi vilivyotafutwa na vipi havikutafutwa.